Hinomaru bila kasoro: mwongozo kamili wa kuweka alama kwenye modeli za ndege za kivita za Kijapani

Ndege za Kijapani za Vita Kuu ya Pili huonekana rahisi kupamba. Messerschmitt ya Kijerumani imejaa misalaba, namba, nembo za vikosi na madoadoa ubavuni, kwa hiyo ukikosea kidogo jicho la mtazamaji lina pengine pa kwenda. Zero, ndege ya kivita ya Wanamaji wa Japani, ya mwaka 1941 haikusitiri. Ni bodi ya kijivu iliyo tupu, maduara mekundu sita, namba mkiani na mistari michache ya onyo, basi. Duara likikaa milimita moja nje ya mahali pake, au likiwa na ukungu wa fedha ukingoni, hata mtu ambaye hajawahi kushika modeli atahisi kuna kitu hakijakaa sawa.

Msimamo wangu nautoa mapema, ili asiyekubaliana nao ajue tunakokwenda: maduara paka rangi, maandishi bandika dekali. Dekali, yaani zile stika nyembamba za kulowekwa majini zinazokuja ndani ya boksi, zinaushinda mkono wa mtu yeyote kwenye herufi za Kijapani zisizofika milimita moja. Lakini kwenye duara kubwa la rangi moja zinakuletea matatizo yote (utando unaoonekana, wekundu usio sahihi, weupe unaopitisha kijani cha chini) na kukupa faida kidogo. Hata hivyo nitaeleza njia zote mbili. Si kila mtu ana brashi ya hewa (kile kifaa cha kupulizia rangi), na dekali iliyobandikwa kwa subira inaweza kumdanganya hata hakimu wa mashindano.

Vipimo nitakavyotaja ni vya skeli ya 1/48, yaani modeli iliyo ndogo mara 48 kuliko ndege halisi, na pale inapobidi nitaweka vya 1/72 na 1/32 pia.

Chagua ndege moja, usichague "Zero" tu

Kabla hujagusa maji, amua unatengeneza ndege ya jeshi lipi, kikosi kipi, na ya lini. Japani haikuwa na jeshi la anga linalojitegemea. Jeshi la Wanamaji lilikuwa na ndege zake, kama Zero, Raiden na Shiden-kai; Jeshi la Nchi Kavu lilikuwa na zake, kama Hayabusa, Hien na Hayate. Kila upande ulikuwa na desturi zake za alama, na ukizichanganya umeharibu kazi kabla hujaianza.

Wanamaji walipaka hinomaru, lile duara jekundu la jua, sehemu sita: juu na chini ya kila bawa, na pande mbili za bodi. Zero za kijivu za mwaka 1941 hazikuwa na ukingo mweupe kuzunguka duara. Ukingo ulikuja baadaye, na ndege zilipoanza kutoka kiwandani zikiwa na kijani kilichokoza upande wa juu, mwaka 1943, ukawa wa lazima ili duara lionekane juu ya kijani. Upana wake wa kawaida ulikuwa milimita 75. Jeshi la Nchi Kavu, kwa upande wake, liliingia vita vya Pasifiki ndege zake nyingi zikiwa na hinomaru mabawani tu, ubavuni hakuna kitu. Kwa hiyo Hayabusa ya Januari 1942 yenye duara ubavuni ni ya kutiliwa shaka, hata kama picha ya kwenye boksi inaionyesha hivyo.

Namba za mkiani ndizo zinazosema ndege imetoka wapi. Katika shambulio la Pearl Harbor, Desemba 1941, Zero za manowari sita za kubeba ndege zilitambulika kwa herufi za mkiani na kwa mikanda iliyozungushwa kwenye bodi nyuma ya hinomaru. Akagi ilikuwa AI na mkanda mmoja mwekundu; Kaga AII na mikanda miwili myekundu. Soryu ilikuwa BI na mkanda mmoja wa bluu, Hiryu BII na miwili ya bluu. Shokaku EI ilikuwa na mmoja mweupe, Zuikaku EII miwili myeupe. Ukiujua mpangilio huo, huhitaji tena kuamini kila karatasi ya maelekezo. Ukikuta dekali za BII-120, kwa mfano, ile Zero ya Shigenori Nishikaichi iliyotua kwa dharura kisiwani Niihau, tayari unajua ni ya Hiryu na inataka mikanda miwili ya bluu.

Mpangilio huohuo unatufikisha karibu na kwetu. Manowari hizo ziliingia Bahari ya Hindi Aprili 1942, zikashambulia Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9, na kundi la meli za Kiingereza la bahari hiyo likalazimika kuhamia Kilindini, Mombasa. Mtu akitaka kutengeneza Zero yenye uhusiano na historia ya pwani yetu, ndiyo hiyo. Ila Kaga haikuwamo katika safari ile, ilikuwa imerudi Japani kwa matengenezo. Dekali za AII ziache kwenye karatasi.

Kwa Jeshi la Nchi Kavu, nembo ya kikosi ilikaa kwenye mkia wima, na rangi yake mara nyingi ilitaja kikosi kidogo ndani ya kikosi kikubwa. Kikosi cha 64, kilichoongozwa na Tateo Kato mpaka alipouawa juu ya Ghuba ya Bengal tarehe 22 Mei 1942, kilikuwa na mshale mkiani; cha 50 kilikuwa na mwale wa radi. Vyote viwili viliruka na Hayabusa huko Burma, katika anga ambalo chini yake, mwaka 1944, askari wa KAR (King's African Rifles) wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa wakipenya kwenye matope ya bonde la Kabaw. Nyumba ambayo babu alirudi na medali ya Burma ina sababu nzuri ya kuweka Hayabusa kabatini kuliko Zero.

Jambo lingine linalosaidia kusoma karatasi za dekali ni majina ya aina. Wajapani walitaja ndege kwa tarakimu za mwisho za mwaka wa kalenda yao. Mwaka 1940 ulikuwa 2600 kwao, ndiyo maana ndege ikaitwa Aina 0. Hayabusa ni Aina 1, Hien Aina 3, Hayate Aina 4.

Mwisho, kiwanda. Mitsubishi ndiyo iliyobuni Zero, lakini zaidi ya nusu ya Zero zote zilitoka Nakajima. Kwenye Zero za kijani, mpaka wa kijani na kijivu wa Mitsubishi huenda karibu moja kwa moja kuelekea nyuma, wakati wa Nakajima hupinda kupanda kuelekea bawa dogo la mkia. Karatasi ya dekali ikisema Nakajima na wewe umepaka mpaka wa Mitsubishi, hakuna dekali itakayokuokoa.

Vifaa

Hapa sikai sana. Tafuta kibano chenye ncha bapa, kisu cha wembe mpya (mpya kweli, si ule wa wiki jana), brashi mbili laini, vijiti vya pamba vya masikioni, taulo za karatasi, sindano nyembamba na kisahani cha maji vuguvugu. Kwenye miji yenye maji ya chumvi au chokaa, madoa meupe hubaki pembeni mwa dekali yakishakauka. Dawa yake inauzwa kituo chochote cha mafuta: maji yaliyosafishwa ya kuongeza kwenye betri. Hakikisha ni maji, si asidi.

Utahitaji dawa mbili. Ya kwanza hushikisha, ya pili hulainisha. Microscale wanaziita Micro Set na Micro Sol, za Mr. Hobby ni Mr. Mark Setter na Mr. Mark Softer. Dawa ya kwanza unaweza kuibadilisha kwa siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, na wengi wamefanya hivyo kwa miaka. Ya pili haina mbadala wa jikoni.

Kwa anayepaka maduara, ongeza bikari ya kukatia yenye wembe, kama ya Olfa, na tepu pana ya karatasi ya kuzuia rangi.

Kagua karatasi ya dekali kabla haijakukagua

Shika karatasi kwenye mwanga na uitazame kwa pembe. Angalia mambo matatu. Je, jekundu limekaa katikati ya jeupe, au limesogea upande mmoja? Je, jeupe ni jeupe, au lina rangi ya maziwa ya chai? Karatasi nyingi za zamani za Hasegawa zina tatizo hilo la pili. Je, uso una nyufa nyembamba kama nywele?

Njano ya uzee inatibika. Tia karatasi kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, ibandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, sura ikitazama nje. Kwa jua letu itazame kila siku. Njano ikiisha, itoe, kwa sababu jua likishamaliza njano halijui kusimama.

Nyufa ni hatari zaidi. Chukua dekali usiyoihitaji, nembo ya mtengenezaji kwa mfano, iloweke. Ikitoka vipandevipande, karatasi yote itafanya hivyo. Ipulizie vanishi ya kung'aa tabaka mbili nyembamba, au ipake Liquid Decal Film ya Microscale, uiache ikauke usiku mzima. Utando sasa umefunika karatasi yote, kwa hiyo kila dekali lazima uikate mwenyewe karibu kabisa na mchoro wake.

Uso wa kioo

Ule ukungu wa fedha unaoonekana chini ya dekali ni hewa. Rangi isiyong'aa, hata ikionekana laini kwa kidole, ina vilima na mabonde. Utando wa dekali hulala juu ya vilima, hewa hubaki mabondeni, na mwanga ukiipiga unarudi kama fedha. Dawa ni kuziba mabonde kabla ya kubandika.

Puliza vanishi ya kung'aa tabaka mbili au tatu nyembamba. Mimi hutumia X-22 ya Tamiya iliyozimuliwa vizuri. Iache ikauke siku nzima, si saa mbili. Ukiwa Tanga, Dar au Mombasa wakati wa masika, usipulize vanishi ya laka asubuhi yenye unyevu. Huingia weupe wa ukungu ndani yake na hautoki kwa kufuta. Subiri mchana mkavu. Sehemu ikibaki haijalainika au ina vumbi, isugue taratibu kwa msasa laini wa maji, namba 2000 au zaidi, kisha puliza tena tabaka moja.

Maduara kwa rangi

Hii ndiyo kazi yenyewe, na hapa ndipo pa kutumia muda.

Anza na vipimo. Usipime kwa macho. Chukua duara la dekali iliyokuja na seti, lipime kwa rula nzuri au kalipa, uandike kipenyo cha kila duara. La juu ya bawa, la chini na la ubavuni huweza kutofautiana. Ukingo mweupe wa milimita 75 unakuwa milimita 1.56 kwenye 1/48, 1.04 kwenye 1/72 na 2.34 kwenye 1/32. Kwa mkono, 1.5 na 1 zinatosha.

Tafuta kitovu cha duara kwenye mchoro wa maelekezo kwa kufuata mistari ya mabati (ile mifereji myembamba inayoonyesha bati linapokutana na bati), si kwa kukadiria "katikati ya bawa". Pima kutoka ncha ya bawa hadi kitovu, kisha kutoka ukingo wa mbele hadi kitovu. Weka alama kwa vipande viwili vya tepu vinavyokutana kama msalaba, rudia bawa la pili kwa vipimo vilevile. Sasa igeuze modeli ikutazame kwa pua, funga jicho moja, uyaangalie maduara yote mawili kwa pamoja. Kosa ambalo rula imelipitisha, jicho hulikamata hapo. Halafu tazama kwa juu. Kisha ubavuni, ukilinganisha urefu kutoka chini ya bodi, kushoto na kulia.

Kata barakoa, yaani tepu ya kuzuia rangi yenye umbo la duara, juu ya kioo. Bandika tepu pana kwenye kioo. Isipotosha upana, pandisha vipande viwili kidogo tu, na hakikisha mshono haupiti kwenye ukingo wa duara. Chini ya mguu wa bikari weka kijipande cha ziada cha tepu ili sindano isitoboe kitovu. Zungusha bikari mara tatu kwa kuigusa kidogo, usijaribu kukata kwa mzunguko mmoja wa nguvu. Kwa duara lenye ukingo mweupe kata kwanza mzunguko wa nje, kisha, bila kuhamisha kitovu, mzunguko wa ndani. Umepata vitu vitatu: tundu kubwa, pete nyembamba na kisahani. Vyote vitunze.

Mpangilio wangu, ndege ikiwa tayari ina rangi zake za juu na chini, ni huu. Bandika tepu yenye tundu kubwa, kandamiza ukingo kwa ukucha, funika modeli yote kwa karatasi. Puliza kwanza tone la rangi ya chini ileile, yaani kijani au kijivu, kwenye ukingo. Kama kuna pengo, hiyo ndiyo itakayolijaza, na hakuna atakayeiona. Kisha puliza jeupe, tabaka nyembamba, brashi ikitazama uso moja kwa moja na si kwa pembe. Likikauka, bandika ile pete ndani ya ukingo wa tundu, nayo ikandamize. Puliza jekundu. Ondoa pete na tepu rangi ikiwa haijawa ngumu kabisa, ukiikunja tepu juu ya mgongo wake, polepole.

Kuhusu jekundu lenyewe, modeli nyingi huharibika hapa. Hinomaru ya vita haikuwa nyekundu ya gari la zimamoto. Ilikuwa nzito zaidi, yenye udongo kidogo. Mimi huchukua XF-7 ya Tamiya (nyekundu) na kuongeza XF-9 (nyekundu iliyoelemea kahawia), takriban matone kumi kwa moja, na kwa ndege iliyokaa juani visiwani nazidisha tone la jeupe. Jeupe lililo chini hulifanya jekundu ling'ae kuliko unavyotaka, kwa hiyo jaribu mchanganyiko juu ya jeupe, usijaribu juu ya kijivu.

Ndege za ulinzi wa nchi za Jeshi la Nchi Kavu, kama Hien za kikosi cha 244 kilichokaa Chofu kulinda Tokyo, zilikuwa na mikanda mipana myeupe mabawani na ubavuni, hinomaru ikiwa katikati yake. Hapo anza na jeupe la mkanda mzima, kisha jekundu, kisha funika vyote na upulize rangi ya ndege. Kubandika mikanda ile kwa dekali ni kujitesa.

Maduara kwa dekali

Kata dekali ukifuata ukingo wa rangi wenyewe, bila kubakiza utando wa pembeni. Kwa duara, hilo linawezekana kabisa kwa mkasi mdogo wa kucha uliopinda.

Loweka kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, itoe, ilaze juu ya taulo la karatasi na subiri mpaka isogee kwa kuguswa. Ukiiacha ielee majini peke yake, gundi yake yote imebaki kwenye kisahani. Paka dawa ya kushikisha mahali pa kubandika, leta karatasi karibu kabisa na uso, na uisukume dekali kwa brashi yenye maji hadi ihamie. Usiivute kwa kibano. Isogeze mpaka ikae kwenye alama zako za tepu, kisha nyonya maji kwa pembe ya taulo. Kijiti cha pamba kilicholowa kiviringishe kutoka katikati kwenda nje. Ukikisugua, dekali itaondoka nacho.

Baada ya dakika kumi hivi, paka dawa ya kulainisha kidogo. Dekali itakunjamana kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Hapa watu wengi huingiwa na hofu na kuigusa. Usiiguse. Ikikauka itajinyoosha yenyewe na kuzama kwenye mistari ya mabati. Iache usiku.

Pale duara linapopanda juu ya eleroni, ile sehemu inayojongea nyuma ya bawa, kata dekali kwa wembe mpya kwenye mstari wa bawaba baada ya kukauka, kisha rudia dawa ya kulainisha. Eleroni na usukani wa mkiani wa Zero vilifunikwa kwa kitambaa, na duara likipita juu ya bawaba bila kukatika linaonyesha kwamba eleroni haiwezi kutikisika. Vivyo hivyo namba ya mkiani inapovuka usukani.

Jeupe likipitisha kijani, una njia mbili: kubandika dekali ya pili juu ya ya kwanza ikiwa seti ina ziada, au kupaka duara jeupe chini yake, dogo kidogo kuliko dekali. Ya pili ni bora, na ukishafika huko huenda ukajiuliza kwa nini hukupaka na jekundu.

Mikanda na kingo za mabawa

Bodi ya ndege hupungua kuelekea mkiani, kwa hiyo tepu pana ikizungushwa itapinda yenyewe na miisho haitakutana. Weka kingo mbili kwanza kwa tepu nyembamba inayonyumbulika, ya milimita moja au mbili, ukifuata mstari wa mabati ulio karibu. Kisha jaza nje kwa tepu pana. Utaratibu huo unafaa kwa mikanda ya bluu ya Hiryu sawa na ule mkanda mweupe wa eneo la vita uliozungushwa nyuma ya bodi za ndege za Jeshi la Nchi Kavu.

Ile njano ya utambulisho kwenye ukingo wa mbele wa bawa, nusu ya upande wa bodi, paka rangi pia. Karatasi nyingi huiweka kama dekali, nayo hujikunja penye mviringo kila mara. Tumia njano iliyoelemea chungwa.

Maandishi madogo

Sasa dekali zipate heshima yake. Kwenye Zero utakutana na maonyo mekundu フムナ, yanayosomwa "fumuna", yaani usikanyage, kwenye sehemu za bawa zisizobeba uzito wa mtu, pamoja na mistari myekundu inayoonyesha mafundi wapite wapi. Upande wa kushoto wa bodi, karibu na mkia, kuna kisanduku cha maelezo: aina ya ndege, namba ya kiwandani, tarehe ya kutengenezwa na kikosi.

Kwa asiyesoma Kijapani, kosa jepesi ni kubandika neno likiwa limepinduka. Kabla ya kukata, weka nukta ya penseli kwenye karatasi juu ya kila dekali, upande wa juu, kwa kufuata mchoro. Kata moja, bandika moja. Ukikata kumi kwa pamoja na feni ikapita, umekwisha.

Utando unaozunguka herufi hauwezi kukatwa wote, kwa hiyo uso wa kung'aa na dawa ya kulainisha ndivyo vinavyouficha. Mistari mirefu myekundu ikate vipande viwili au vitatu kwenye pembe zake. Lowesha bawa kwa maji mengi ili uweze kuinyoosha kwa brashi, na uitazame kutoka usawa wa meza kabla ya kunyonya maji. Kwenye 1/72 acha zile zisizosomeka hata kwa kioo cha kukuzia. Doa jekundu lisilo na umbo huchafua bawa la kijivu bila faida.

Fuata mpangilio wa chini ya mabawa kwanza, kisha ubavu, kisha juu, ili usishike kilicho kibichi.

Yakiharibika

Ukungu wa fedha: toboa mara nyingi kwa sindano, paka dawa ya kulainisha, subiri, rudia kesho yake. Ukikataa baada ya mara tatu, kata sehemu hiyo kwa wembe na uijaze kwa rangi.

Dekali iliyojikunja juu ya nafsi yake: usiivute. Itie maji mengi hapohapo kwenye modeli na uifungue kwa brashi mbili. Iliyochanika: sogeza vipande vikutane vingali vimelowa, ziba pengo baadaye kwa rangi. Hii ni sababu nyingine ya kuchanganya jekundu la akiba linalolingana na la dekali, hata kama hupaki maduara.

Iliyokaa upande na imeshakauka: bandika juu yake tepu ya kawaida, ivute, itaondoka. Itaondoka na vanishi kidogo, ndiyo maana vanishi ilikuwepo.

Kufunga na kuchakaza

Futa modeli yote kwa kitambaa kilicholowa maji safi ili kuondoa mabaki ya gundi na dawa. Mabaki hayo hugeuka kahawia baada ya miezi. Ikikauka, puliza tabaka moja ya vanishi ya kung'aa juu ya alama, fanya kazi yako ya kutia uchafu kwenye mistari, kisha vanishi ya mwisho. Zero za mwanzo wa vita zilitoka kiwandani zikiwa na mng'ao, kwa hiyo vanishi ya nusu mng'ao inazifaa kuliko ile kavu kabisa. Hayabusa iliyopakwa kijani uwanjani juu ya bati tupu inaweza kuwa kavu, na rangi yake kubanduka.

Ukibandua rangi, kumbuka kwamba hinomaru nayo ni rangi. Modeli nyingi zina bawa lililochubuka hadi bati, halafu katikati yake duara zima lisilo na mkwaruzo, na hapo ndipo dekali inapojitangaza. Chubuko lipite ndani ya duara pia, hasa karibu na shina la bawa wanapokanyaga mafundi. Mafundi wa uwanjani walipopuliza kijani juu ya ndege iliyokuwa bati tupu, waliliruka duara. Acha pembezoni mwake mwanya usio sawa wa rangi ya bati.

Na kwa ndege za miaka ya mwisho kuna jambo ambalo dekali nyingi haziwezi kulionyesha: ukingo mweupe uliofutwa. Ulipoonekana kuwa shabaha rahisi kwa adui, mara nyingi ulipakwa juu kwa kijani kilichokoza kuliko cha ndege yenyewe, na picha za zamani zinaonyesha pete nyeusi kuzunguka duara. Kwa aliyetunza zile barakoa zake kazi ni ndogo. Rudisha tundu kubwa, funika jekundu kwa kisahani, puliza kijani kilichoongezwa nyeusi kidogo, tabaka nyembamba kiasi kwamba jeupe linachungulia sehemu mbili tatu.

Karatasi ya dekali iliyobaki irudishe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja kwenye boksi la viatu, na uilaze bapa mbali na jua.